Tumbawe Nililolisafisha

Kabla mke wangu hajalazwa, alinipa kazi moja tu: nimtunzie tumbawe lake. Yeye alikuwa akihudumia tangi la samaki kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini, na siku moja kipande cha tumbawe kilipovunjika, msimamizi wake akamruhusu aje nacho. Basi tukawa na bahari yetu ndani ya beseni la kioo, ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline kule Embakasi, ambako hata maji ya kupikia tunapandishiwa kwa mitungi.

Lilikuwa la kahawia, na kwangu lilikuwa jiwe. Yeye akanieleza kwamba ni mnyama, na kwamba ile kahawia si yake. Ni ya miani midogo isiyoonekana kwa macho, inayoishi ndani ya nyama yake. Tumbawe huipa miani makao, nayo miani huchukua mwanga, ikapika chakula na kumgawia mwenye nyumba. Nikamwambia sijawahi kusikia mpangaji anayempikia mwenye nyumba, hasa huku kwetu. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho hakikuisha.

Yalikuwa mapafu. Daktari alisema atakaa wodini wiki chache, kisha atahitaji miezi sita ya dawa nyumbani, na mtu wa kumlisha na kumvumilia. Mama yake alitaka kumpeleka kwao Makueni. Mke wangu akakataa mbele ya jamaa wote waliozunguka kitanda.

"Bwanangu ataniangalia," alisema.

Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Ilikuwa Februari, na jua la Embakasi halina huruma. Mke wangu alikuwa amelifungia tumbawe taa yake, tena akaniusia nitie kidole majini kila siku nisikie kama yamepata joto. Lakini mimi ni karani wa stoo, na karani akielewa jambo moja hudhani ameelewa yote. Nilijiambia kwamba miani ni mimea, na mimea hupenda jua. Nikalihamishia beseni kwenye baraza, mahali jua la mchana linapopenya katikati ya majengo. Kidole nikakisahau. Baada ya siku chache tumbawe lilikuwa jeupe pe.

Nilirudisha beseni ndani mbio, nikabadilisha maji kama alivyonifundisha, nikangoja. Siku ya nne bado lilikuwa jeupe. Jirani aliyekuja kuazima mwiko akalichungulia.

"Hiyo imekufa, baba. Toa kabla ianze kunuka."

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani mtoto wa mchongaji tu ndiye angelifanya. Baba yangu alichonga vinyago maisha yake yote, na kwetu mti ukishakufa ndipo kazi inapoanza. Nikalitoa tumbawe, nikalisugua kwa brashi na sabuni mpaka utelezi wote ukaisha, nikalianika, nikaliweka kwenye kabati la sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma mke wangu mwenyewe. Lilipendeza kuliko yale wanayoyaleta watu kutoka Mombasa. Nilitumaini litamfuta machozi.

Alipotoka hospitali alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, mkono wake begani mwangu. Aliketi, akatazama beseni tupu, halafu kabati. Nikamweleza yote, hata sabuni. Aliniuliza kama kabla ya kulisugua nililitazama karibu, na kama lilikuwa na utelezi. Nikasema ndiyo, ulinisumbua sana kutoka.

"Huo ndio ulikuwa mwili wake," alisema. "Halikuwa limekufa. Likipata joto hufukuza miani yake, linabaki jeupe na njaa. Likitunzwa, pengine miani inarudi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ulingoja siku ngapi?"

"Nne."

Alitazama mikono yake. Ilikuwa imekonda, pete ikizunguka yenyewe kidoleni.

"Mimi nimeambiwa miezi sita," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba yeye si tumbawe, na kwamba ningengoja hata miaka. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyokuwa na hakika, brashi mkononi. Akachukua simu, akampigia mama yake, akamwomba kwa Kikamba aje amchukue.

Mama mkwe alifika Jumamosi. Nilibeba begi la mke wangu na mfuko wa dawa zake mpaka chini. Hakuwa amemwambia mama yake lolote kuhusu tumbawe. Alisema tu kwamba ngazi zimemshinda. Mama mkwe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kumtunza vizuri mtoto wake.

"Asante, mama," nikamjibu, na mke wangu akatazama pembeni.