Saa Nane ya Shangazi

Kwa miaka ishirini na sita shangazi yangu alikuwa fundi wa maabara ya fizikia chuoni. Aliwasha mitambo, akapangusa vioo vya leza, akaandika daftarini saa ambayo kila jaribio lilianza. Leo nasikia watu wakisema aliharibu utafiti, na siwezi kunyamaza.

Daktari mpya wa fizikia alikuwa na wimbo wake: hesabu za chembe ndogo kabisa hazijali mbele wala nyuma. Ukiucheza mwendo wa chembe kinyume, kama filamu, hesabu zinakubali vilevile. Mshale wa wakati, yaani wakati kwenda mbele tu, alisema, tunauona sisi wenye vikombe vinavyovunjika. Shangazi alimsikiliza huku akipangusa.

Mchana mmoja akawasha mtambo, akaandika: saa 8:00. Kompyuta ikachapa saa ya mpigo wa kwanza wa leza: 2:05. Daktari akalinganisha daftari na karatasi ya kompyuta, akaona matokeo yametangulia chanzo kwa karibu saa sita. Hakumuuliza aliyeandika. Akaita ukumbi mzima, akatangaza kwamba wakati umerudi nyuma.

Karani wa idara akanyoosha mkono. "Daktari, si ni saa nane mchana tu?"

Watu wakacheka hadi machozi. Daktari akatafuta pa kuificha aibu yake. "Huyu mama hata kusoma saa hajui," akasema, akimwonyesha kidole. Barua ya kumsimamisha kazi ikafuata. Na mtu huyo mama yake alimwamsha saa kumi na mbili kila siku ya shule! Leo anajifanya saa zetu hazijui.

Shangazi akaitwa kikaoni saa 4:00 asubuhi. Wote walikuwa wamekaa, daktari akiwa wa kwanza.

"Mwenyekiti," shangazi akasema, "barua ya wito imesema saa nne. Mbona daktari hakuja saa kumi alfajiri?"

Mwenyekiti akakohoa. "Basi mama, barua ya kukusimamisha tuifute. Iwe kama haikuandikwa."

"Samahani, mama," daktari akanong'ona. "Tuyarudishe yalivyokuwa."

"Chembe zako zirudi zitakavyo, mwanangu. Mimi umenitukana mbele ya watu mia mbili, na maji yakimwagika hayazoleki. Waite walewale, uwaambie ni nani asiyejua kusoma saa. Hapo nitarudi kazini."

Akaweka funguo mezani, akatoka.

Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Ukumbi haujaitwa, na mtambo hakuna anayejua kuuwasha.