Shangazi Hajapimwa

Usiku ule niligeuka kitandani mpaka shuka likajifunga miguuni. Mchana wake, siku ya Jumapili, nilikuwa Kihonda kwa shangazi yangu, Bi Tatu, kumpelekea dawa zake za presha kama nifanyavyo kila mwezi. Alipoinuka kupokea bahasha akapepesuka, akadaka mwimo wa mlango. Gauni lake lilikuwa limekazwa kiunoni kwa pini mbili. Bangili yake, ile ambayo zamani haikuvuka kifundo cha mkono hata kwa sabuni, ilimteleza hadi kwenye kiwiko. Binti yake akacheka, akasema, “Uzee huo.” Nami, mfamasia mwenye cheti ukutani, mwalimu wa kufundisha wafamasia wengine, nikaitikia, “Uzee tu.” Nikamaliza chai yangu, nikaondoka.

Neno hilo likanifuata njia nzima. Nilipofika nyumbani nikajitia kazini, maana kesho yake nilikuwa na somo la vitendo chuoni: kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake. Nikaandaa mwanasesere wa kupimia, nikaandaa maswali, nikapanda kitandani na moyo bado umekataa kutulia.

Usingizi uliponichukua, nikamwona Mwalimu Sengo. Huyu ndiye aliyetufundisha famasia, na tulimzika mwaka juzi. Alikuwa mwembamba, mkali, mfuko wa koti lake jeupe umejaa vumbi la chaki. Kwake, ukitaja dawa kabla ya kutaja uzito wa mgonjwa, unatoka nje. Si utani, kuna muhula nilisoma zaidi barazani kuliko darasani. “Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa,” alikuwa akisema, kisha anaongeza la pili, ambalo hatukuwa tukiliandika kwa sababu halikuwahi kutoka kwenye mtihani: “Na mzee si yule uliyemjua jana.”

Basi yuko darasani, amenipa mgongo, anafuta ubao. Kwamba amekufa nalijua, ila naona si adabu kumkumbusha. Ananiashiria nianze. Naandika jina la dawa.

“Kilo ngapi?” anauliza bila kugeuka.

Naandika kumi na mbili. Namba inafutika. Naandika tena, inafutika tena, na wanafunzi wangu wa sasa, waliokaa kwenye madawati yetu ya zamani, wanaanza kukusanya madaftari yao. Nashikwa na woga wa mtu aliyechelewa mtihani. Namchukua mwanasesere nimpime upya, naye ana joto, anahema.

Kisha si darasa tena. Niko kwenye foleni ya kliniki ya asubuhi, akina mama wamefunga mbeleko. Foleni haisogei, na kila mtu ana haraka. Namchungulia mtoto wa mama aliye mbele yangu nimchekeshe. Si mtoto. Ni babu mwenye mvi, amelaza shavu mgongoni mwa binti yake, anasinzia. Natazama mbele, natazama nyuma. Kila mgongo umebeba mzee. Ndipo nasikia sauti kwenye kisogo changu.

“Nishushe, Rehema. Mimi ndiye wa kukubeba wewe.”

Ni Shangazi. Ni mwepesi kuliko mkoba wangu wa vitabu, na wepesi huo unanitisha. Ni kweli alinibeba. Nilipokuwa mdogo nikishikwa na homa, yeye ndiye aliyenitia mgongoni hadi zahanati, na tukirudi anakikata kidonge kwa meno, nusu anaisaga kwenye kijiko pamoja na sukari, nusu anaihifadhi kwenye kiberiti kitupu. Darasa hakulijua, mizani hakuijua, lakini kidonge kizima hakuwahi kunipa. Jirani akimwambia anipe chote nipone haraka, anamgeuzia kibao: “Nimpe chote? Mwili wenyewe uko wapi?”

Nataka kumwambia kwamba nakumbuka, lakini foleni imesogea ghafla, inatusukuma. Mbele kuna dirisha la dawa, na pembeni ya dirisha kuna mlango. Wanaoingia mlangoni siwaoni wakitoka. Ndani ya dirisha ni Mwalimu Sengo na daftari lake. Shangazi ameshashuka mgongoni mwangu, sijui saa ngapi. Anakwenda mlangoni kwa miguu yake, wala hapepesuki. Naidaka khanga yake, inabaki mkononi mwangu. Kwetu tuliambiwa, maiti akikuita ndotoni usiitike, akikupa chakula usile. Lakini Mwalimu hamwiti. Anakwenda mwenyewe.

“Nimechoka kushika mwimo, mwanangu,” ananiambia.

Napiga kelele, sauti haitoki. Mwalimu anatoa mkono dirishani, anamzuia, kisha ananitazama mimi kwa macho yaleyale ya kunitoa nje.

“Huyu hajapimwa,” anasema. “Asiyepimwa simpokei.”

Maisha yangu yote sijawahi kuufurahia ukali wake kama wakati ule. Ningemshika miguu kama si ukuta uliokuwa kati yetu.

Mizani ya watoto inaning'inia kwenye kenchi. Shangazi ameshavishwa kile kisuruali cha kitambaa cha kupimia, miguu yake inabembea, ndala moja imemvuka, naye anaona haya, anavuta gauni lifike magotini. Mshale unacheza, hautulii. Natafuta miwani yangu usoni, haipo.

“Soma,” anasema Mwalimu.

Nakodoa macho. Naona mshale, sioni namba.

“Soma, Rehema. Hii dawa ulimpa kwa mwili wa nani?”

Anaipitisha bahasha dirishani. Ni ya kaki, na mwandiko ni wangu. Jina la Shangazi, kidonge kizima asubuhi, kizima jioni, kama nilivyoandika mwaka ule wa kwanza, alipokuwa akisimama kizingitini anaujaza mlango wote. Shangazi bado anabembea, na hakuna mtu wa kumshusha ila mimi.

“Mrudishe akapimwe,” anasema Mwalimu, akilifunga daftari. “Mimi sina haraka naye.”

Akafunga dirisha.

Niliamka nimeketi, nimekumbatia shuka, fulana imenilowa mgongoni. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Niliogopa, nasema kweli, lakini aliyenitisha si maiti. Kilichonitisha ni bahasha. Miaka yote hiyo nilikuwa nachukua dawa kwa cheti kilekile cha daktari, narudia mwandiko uleule, namuuliza Shangazi habari za kuku wake na sijamuuliza anajisikiaje akisimama. Presha yake sikumbuki ni lini niliipima. Mizani ya watoto ninayo ofisini, ya watu wazima ninayo bafuni, na yeye sikuwahi kumpandisha hata moja. Nilikuwa nampelekea dawa shangazi wa zamani, na huyu wa sasa ndiye anayezimeza. Nikajionea aibu pale kitandani, nikalia kidogo, kisha nikaona kulia nako ni kupoteza muda.

Nikapiga simu. Iliita mara nne, na katika kila mlio niliuona ule mlango.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa.”

“Sasa alfajiri yote hii unanipigia ya nini? Umegombana na mumeo?”

“Sijagombana na mtu. Nisikilize. Usiinuke kitandani kwa haraka. Na kidonge cha asubuhi usikiguse mpaka nifike, nakuja sasa hivi. Nikupime presha umelala, nikupime umesimama, kisha twende wote kwa daktari.”

“Rehema, umeota nini?”

Sikumjibu hilo. Mizani ya bafuni ilikuwa tayari kwapani, natafuta kiatu kwa mguu gizani.

“Shangazi,” nikasema, “una kilo ngapi?”

Nikasikia kitanda chake kikilia, kisha bangili ikiteleza mkononi.

“Kilo?” akasema. “Mwili wenyewe uko wapi?”