Diski ya Bibi Harusi

Kwa miaka tisa Kheiria hakuwahi kutoka nyumbani kwa watu na picha ya bibi harusi. Picha zilipigwa na wanawake wenziwe. Yeye kazi yake ilikuwa kuja baadaye, kukaa siku mbili tatu katika chumba cha ndani, kuzisafisha na kuzipanga ziwe albamu. Aliondoa mkono wa shangazi uliochomoza pembeni, alituliza mng'aro wa dhahabu, alirudisha rangi ya hina iliyoliwa na taa. Alikwenda Sur, Ibri na Nizwa. Alipanda ndege kwenda Salala, na mara mbili au tatu kwa mwaka alivuka mpaka kwenda Dubai. Na kila alipomaliza, aliigeuza laptopu yake kifudifudi mbele ya mama wa bibi harusi, akafungua skrubu nane kwa bisibisi ndogo, akachomoa diski ya ndani, kitu chembamba kisichozidi kidole cha shahada, akaikabidhi mkononi. Kuchapa kulikuwa kazi ya mwanamke mwingine, na mama mtu ndiye aliyempelekea diski hiyo na kumsimamia mpaka ukurasa wa mwisho. Kheiria alitia diski mpya, akanywa kahawa yake, akaondoka na mashine tupu.

"Mwite Kheiria," wanawake waliambiana. "Yule hatoki na kitu."

Mama yake, aliyemzaa Unguja na kumlea Maskati, alikuwa akimwambia kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwenye mdomo hapati maiti wa pili. Kheiria alicheka wakati ule, lakini neno lilimkaa. Mumewe Marhoon alipofariki, wakweze hawakupenda mjane wao awe mtu wa mabegi na viwanja vya ndege. Walimwachia kwa sababu moja tu: hakuna nyumba iliyowahi kumlalamikia. Jina lake lilikuwa safi, na usafi ule ulirudi kwao.

Laptopu ilimfia mikononi huko Sur, katika nyumba ya Bi Shaikha, albamu ikiwa nusu. Feni ilikuwa imekoroma tangu asubuhi, na kila baada ya robo saa mashine ilizimika kwa joto. Bi Shaikha, mama wa bibi harusi, alimwonea huruma.

"Nenda nayo umalizie kwako, mwanangu. Una wiki mbili mpaka maharusi wasafiri. Mwengine nisingemruhusu, wallahi. Kwa ajili yako wewe tu."

Kheiria angeweza kuchomoa diski, kuiacha pale na kurudi na mashine nyingine. Lakini bega lilimuuma, na kutoka Sur mpaka Maskati ni mwendo wa saa mbili. Akakubali. Alipofika nyumbani aliifungia laptopu kabatini na kumwambia bintiye Fajr asiiguse. Hakumwambia kwa nini. Aliona haya kutamka kwamba yeye, Kheiria, ametoka na kitu.

Siku ya pili alikwenda madukani Ruwi kutafuta nyingine, na shemegi yake Badr, mdogo wa Marhoon, akamfuata. Badr alikuwa na cheo wizarani na aliamini kuwa mwanamke akiingia peke yake katika duka la kompyuta atauziwa sanduku la upepo. Muuzaji alikuwa kijana wa Kikenya, Fidel, aliyefurahi kusikia Kiswahili hata kabla hajajua wanataka nini.

"Hii ndiyo yako, madam," alisema, akiinyanyua laptopu ya kijivu kwa vidole viwili. "Kilo moja na kidogo. Betri inakupeleka Salala na kukurudisha, hujatafuta umeme. Na kioo yake, rangi ni vile unaona na macho yako."

Kheiria aliinamia kioo. Kweli, nyekundu ilikuwa nyekundu, na ngozi ilikuwa ngozi.

"Kioo chake kizuri," alisema. "Diski yake inatoka?"

"Itoke iende wapi?" Fidel alicheka. "Hizi nyembamba, diski imechomelewa kwa bodi. Ukiitoa umeua mashine."

"Basi siitaki."

"Si utumie diski ya nje, madam? Unachomeka na waya, ukimaliza unachomoa, khalas."

"Na programu ikijiwekea nakala zake ndani ya mashine wakati mimi nnafanya kazi, hizo utazichomoa wewe?"

Fidel alimtazama upya. "Kumbe unajua hii kitu. Ni ukweli, huwa inaacha vipande vipande huko ndani. Lakini si unafuta?"

"Mama wa bibi harusi haoni nikifuta. Anaona nikitoa."

Kijana akaiweka pembeni ile nyembamba, akainamia rafu ya chini, akatoa nyeusi iliyogonga meza kama kitu kilichoanguka. "Sasa hii ni tofali. Kilo tatu kasoro, na chaja yake ni tofali ndogo. Lakini kadi ya grafiki ni kali, na diski ni mbili, zote zinatoka. Hii hapa kioo yake ni ya kawaida. Ile iko na kioo safi inaletwa kutoka Dubai, Jumanne tunayo."

"Hiyo niandikie."

Badr hakuweza kuvumilia tena. "Shemegi, hii? Utafanana na fundi wa Wadi Kabir na boksi lake la spana. Mjane wa Marhoon apite uwanja wa ndege na tofali begani!"

"Bega langu, Badr, si lako."

"Watu hawaulizi bega la nani. Wanauliza mke wa nani."

"Mzee, huyu madam anajua kile anataka," Fidel alisema.

"Wewe uza, usitie mkono." Badr alimgeukia tena Kheiria. "Haya, angalau ile mbovu waichukue, wakupunguzie bei. Wanapokea."

"Ile siitoi."

"Imekufa. Unaiweka ya nini?"

"Siitoi, Badr."

Badr alifikiri ni kwa sababu aliinunua Marhoon. Alitikisa kichwa kama anayeona mtu mzima akilia kwa mwanasesere. Kheiria aliliona wazo lile usoni mwake, na akaliacha. Ilikuwa rahisi kuonekana mjane anayeng'ang'ania vitu vya mumewe kuliko kusema kilichomo ndani.

Alhamisi Kheiria alikwenda Sib kutoa mkono wa rambirambi. Ijumaa, baada ya sala, alikula chakula cha mchana kwa Badr pamoja na bintiye, kama kawaida ya ukoo. Mawifi walikuwapo, na Ghaliya, mke wa Badr, alikuwa akicheka cheka tangu mlangoni. Sinia lilipokuwa katikati Badr akaingia na kisanduku chenye utepe. Ndani mlikuwa na ile laptopu ya kijivu.

"Oda ya lile tofali nimeifuta," alisema. "Wewe umeshachoka, dada yangu. Hii ni hadia yetu sote."

Wifi mmoja akapiga kigelegele. Ghaliya akaichukua akaipima kiganjani. "Subhanallah, kama sahani tupu! Hii hata bibi kizee angetembea nayo."

Kheiria alikuwa na tonge la wali mkononi. "Ile ya zamani iko wapi?"

"Dukani. Nimeipitia kwako jana, wameipokea bila ya maneno."

Fajr alimtazama mama yake na rangi ikamtoka. "Ami Badr alinambia umemtuma, mama. Nikampa ufunguo."

"Ningemuuliza, angekataa," Badr aliwaeleza wageni, akitabasamu. "Watu wengine huwafanyii wema mpaka uwaibie."

Kheiria alinyanyuka bila ya kunawa.

Ijumaa duka hufunguliwa alasiri. Alimngoja Fidel mlangoni, akamweleza kwa maneno machache, na yule kijana hakucheka. "Hizo za zamani zinapelekwa stoo, mtaa wa Ghala. Twende, madam. Hiyo mashine niliipokea mimi, na sikuuliza."

Stoo ilikuwa baina ya gereji mbili. Mtu wa pale aliwaonyesha mwili wa laptopu yake juu ya meza, hauna kioo, hauna kibodi, chini pamefunguliwa. Diski zilikuwa katika kreti la plastiki, zaidi ya mia, zote sawa. Kheiria hakuwahi kuandika kitu juu ya diski, ili hata ikiokotwa njiani pasiwe na jina la bibi harusi. Sasa hapakuwa na jina la kutafutia.

"Nnanunua zote," alisema.

"Chukua, mama. Lakini kreti la kwanza limekwenda Dubai na lori asubuhi. Sijui yako ilikuwa katika lipi."

"Huko huwa wanazifuta kabla ya kuuza," Fidel alisema taratibu. "Kwa kawaida."

Kwa siku tatu Kheiria alizichomeka moja moja kwa waya katika ile laptopu nyepesi. Alizikuta ankara za mafuta, ripoti za skuli, watoto wa watu asiowajua wakioga ufukweni, barua ya mtu aliyekuwa akiomba kuachwa. Kila moja aliifungua kadiri ya kujua kuwa si yake, akaifunga. Ya Bi Shaikha haikuwamo.

Badr alikuja jioni ya siku ya tatu. Alikuwa ameshaelezwa na Fajr, na alikuwa na jawabu tayari.

"Kadi ya kamera ya mpigapicha anayo mwenyewe Bi Shaikha, si ndiyo? Mwambie mashine imeharibika, unaianza albamu upya. Tia diski mpya, fanya kazi, mkabidhi. Diski zote sura moja. Nani anajua?"

"Mimi nnajua."

"Basi jua peke yako. Kuna jina la nyumba hii."

"Jina la nyumba hii umelipeleka Ghala, Badr, kwa mikono yako miwili."

"Nilikufanyia wema!"

"Nnalijua hilo. Ndiyo maana sina pa kukushika."

Badr akasema kwa sauti ya chini, na ndiyo sauti aliyoitumia kwa mambo makubwa, "Ukenda Sur ukasema, hutasema juu yako tu. Utasema juu ya Marhoon. Utasema juu ya Fajr, na bado hajaolewa."

Hilo lilimshika Kheiria zaidi kuliko alivyotaka. Alinunua diski mpya. Aliiweka mezani siku nzima, na siku nzima aliona jinsi ilivyokuwa rahisi: kazi ya siku tatu, skrubu nane, kahawa. Kila mama aliyekabidhiwa diski alikuwa amechukua neno lake tu, kwani ni mama gani aliyewahi kukagua kilichomo? Walichokuwa wakikipokea miaka yote tisa ni yeye. Alipoliona hilo, aliiacha diski pale pale na akachukua funguo za gari.

Bi Shaikha alimpokea kwa furaha na kumkalisha penye mto. Kheiria alisema yote, na hakumtaja Badr ila kwa kusema "jamaa yangu." Alisema pia lililo lake: kwamba angeweza kuiacha diski siku ile, akaona uvivu wa njia.

Bi Shaikha hakupiga kelele.

"Zipo ngapi?"

"Mia nne na kumi. Pamoja na zile za chumbani, za kuvaa."

"Na ziko wapi sasa?"

"Sijui. Pengine zimefutwa. Sijui."

"Ungeninyamazia, ningelala," Bi Shaikha alisema. "Kwa nini umenambia?"

"Kwa sababu ni zenu."

"Zetu, ehe. Sasa nimwambie mwanangu, amwambie mumewe, waanze ndoa na hilo? Au nikae nalo mimi mpaka kufa, kila simu ikilia nidhani ndizo zimefika?" Macho yake yalikuwa makavu. "Mzigo ulikuwa wako, Kheiria. Umekuja kuutua hapa, ukaita ukweli."

Msichana aliingia na dele la kahawa na sahani ya halua. Bi Shaikha alimwonyesha mkono, na msichana akarudi nazo. Kheiria aliliona, akanyanyuka mwenyewe asingoje kunyanyuliwa.

Hakuna picha iliyoonekana popote. Miezi ilipita, na hakuna mtu, Sur wala Maskati wala Dubai, aliyesema ameiona hata moja. Lakini Bi Shaikha alikuwa na dada, na dada alikuwa na mashoga, na kufika Ramadhani simu ya Kheiria ilikuwa imenyamaza. Nyumba ya Nizwa iliyokuwa imemwahidi albamu ya binti wa tatu ilituma ujumbe wa salamu na dua, bila ya tarehe. Mwanamke mmoja wa Ibri alimpigia kuuliza tu kama ni kweli.

"Kweli."

"Basi, mwanangu. Mungu akupe subira."

Kwa wakweze habari ilikuwa na sura nyingine kabisa. Kule hawakusimuliana kuwa Badr alichukua kitu kisicho chake. Walisimuliana kuwa mjane wa Marhoon alikwenda kujivua nguo mwenyewe mbele ya watu, bila ya kushurutishwa na yeyote. Ghaliya alipomwoza mwanawe, albamu ilitengenezwa na kampuni ya Dubai iliyotumiwa picha zote kwa mtandao, na hapana aliyeuliza zilipita wapi. Siku hiyo ya harusi Badr alimkaribisha Kheiria kwa heshima zote na kumuuliza, mbele ya wageni, kama laptopu inamfaa. Kheiria alisema inamfaa.

Ilimfaa kweli. Siku hizi anatengeneza menyu za mikahawa na matangazo ya vyumba vya kupangisha, kazi inayokuja kwa barua pepe na kurudi kwa barua pepe. Hasafiri tena, na bega limepona. Asubuhi moja Fajr alimkuta mezani, akasimama nyuma yake.

"Mama, ungenyamaza, mpaka leo ungekuwa na kazi yako."

"Ningekuwa nayo," Kheiria alijibu, na akaendelea kupanga bei za samaki.