Usinimalizie Uhondo

Juzi saa ya chakula cha mchana, hapa benki yetu Juba, Mkenya mwenzangu alikuwa amezama katika kitabu cha historia ya vita vya huku. Tangu mkataba wa amani utiwe saini tumemiminika mjini humu, na kitabu hicho kimoja tunapokezana. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

"Wacha! Hapa wanajeshi wamezingira mtaa wa Malakia usiku," akatusomea, macho yakimeta.

Mwenzetu wa kaunta, mama mzaliwa wa Malakia, akaweka kijiko chini. "Hiyo siku mimi iko pale," akasema. "Asubuhi, baba yangu alifungua mlango..."

Mkenya akainua kiganja. "Mama, tafadhali, usinimalizie uhondo. Sijafika hapo."

"Hata mimi sijasoma," nikadakia, nikicheka.

Mama akaziba mdomo kwa mkono. "Malesh, samahani," akasema, akarudia wali wake.

Jana zamu yangu ilifika. Nikautafuta ukurasa ule kwa pupa. Kitabu kinasema kulipokucha wakazi wengi hawakuonekana tena, basi. Sura inayofuata inaanza na wakubwa wakizungumza hotelini.

Leo asubuhi nimemfuata mama kwenye kaunta yake, nikamuuliza kwa sauti ya chini: baba alipofungua mlango, ikawaje?

Alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mteja aliyekosea foleni.

"Si iko kwa kitabu?"