Hidaya kwa Kiingereza

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Mwalimu Anselmo aliliuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama alivyowauliza wanafunzi wake wote siku ya kwanza: una watoto?

Raudha alikuwa fundi cherehani wa Tandika, na Kiingereza chake kilikuwa kile kilichobaki tangu alipoishia kidato cha pili. Kwa Kiswahili angejua la kujibu. Angesema nilijaaliwa mmoja, ametangulia, na aliyeuliza angeinamisha kichwa na kubadili mazungumzo. Kwa Kiingereza maneno hayo hakuwa nayo. Alikuwa na neno la "ninaye" na neno la "mmoja". Akajibu kwamba anaye mmoja, wa kike.

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Hidaya."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

Lilimtoka upesi, bila kuhesabu. Hidaya alifariki akiwa na miaka mitatu, na mitatu mingine ilikuwa imepita tangu hapo. Kumbe kuna mahali ndani yake palipokuwa pakimhesabia mtoto umri muda wote huo. Mwalimu akamsifu kwa kujibu bila kusita. Kipindi kilipokwisha Raudha alishuka ngazi za jengo la Sinza walimosomea, akasimama mbele ya duka la dawa la chini, watu wakimpita kushoto na kulia, mpaka muuzaji akamuuliza kama anahitaji kitu.

Mumewe, Twalib, aliondoka kwenda Uingereza wakati Hidaya anasimama dede. Alipata kazi kwenye ghala la vyakula, akawa anangoja makaratasi yakae sawa ili awachukue wote wawili. Degedege lilimshika mtoto asubuhi, adhuhuri haikumkuta. Alasiri walishamzika, kama ilivyo ada. Twalib alipewa habari kwa simu akiwa kazini, glovu mkononi. Kaburi la mwanawe hakuwahi kulitia machoni. Sasa makaratasi yalikuwa yamekaa sawa, yamechelewa, na kilichobaki ni mtihani. Mke anayemfuata mume huko lazima aonyeshe kwamba anaweza kusikia na kuongea Kiingereza cha kawaida. Unaingizwa chumbani na mtahiniwa mwenzio, mnakaa mbele ya msahihishaji, mnaulizana habari za familia, za sokoni, za mvua na jua.

"Msahihishaji si polisi," Mwalimu Anselmo aliwaambia. Alikuwa mzee wa Mbinga, amefundisha sekondari mpaka akastaafu. "Hatakwenda kwenu kuhakikisha. Ukisema una ng'ombe, basi una ng'ombe. Anachotaka ni sentensi."

Raudha akayashika maneno hayo. Akawa anajizoeza nyumbani, mbele ya cherehani, akifua, akikuna nazi. Hidaya anapenda maandazi. Hidaya anaogopa paka. Hayo yalikuwa ya kweli. Kisha yakaja mengine. Hidaya anasoma. Hidaya ana rafiki anayekaa nyumba ya tatu. Siku moja, akipiga pasi, alisikia mdomo wake ukisema kwa Kiingereza kwamba Hidaya ameng'oka jino la mbele. Akaiweka pasi chini. Hilo hakuwa amelipanga. Hidaya alizikwa na meno yake yote ya utoto.

Wiki hizo alikuwa na tenda ya kushona sare za darasa la kwanza za shule ya jirani. Mwalimu aliyeziagiza, Filomena, alikuwa mgeni mtaani, hajui ya watu. Siku ya kuzichukua alizipanga juu ya kochi, akazilinganisha na orodha yake.

"Dada Raudha, hii moja imezidi."

"Nitakuwa nimekosea kukata."

Filomena akaigeuza ile sare. Walikuwa wamepatana kila sare itariziwe jina la mtoto ndani ya ukosi. "Mbona ina jina? Hidaya. Mie sina Hidaya darasani."

Raudha akanyoosha mkono kuichukua. "Ni ya mtu mwingine," akasema. Filomena alipoondoka, alichukua wembe akalifumua lile jina, uzi mmoja baada ya mwingine. Nyuzi zilitoka zote. Matundu ya sindano yakabaki, na jina likaendelea kusomeka.

Nyumbani Tandika alikaa na mkwewe, Bi Chausiku, mama yake Twalib. Bi Chausiku alizaliwa Temeke, akaolewa Temeke, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alasiri moja alikuwa ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele, Raudha akinong'ona peke yake kwenye cherehani.

"Unamsema nini mjukuu wangu?"

Raudha akasimamisha mguu. "Najifunza tu, mama. Maswali ya mtihani."

"Mie Kizungu sikijui. Jina lake nalijua. Toka asubuhi unalitaja."

Ikabidi aeleze. Alieleza vibaya, akirudia rudia, kwamba siku ya kwanza alikosa neno, kwamba mwalimu hajui, kwamba kule mtihanini mtu husema lolote. Bi Chausiku alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kwa hiyo huko yupo."

"Kwenye mtihani tu, mama."

"Yuko darasa la ngapi?"

Raudha alitaka kusema hayuko. "La kwanza," akasema.

Mkwewe akatoa kijiwe, akakitupa. "Ataweza," akasema. "Alikuwa mwepesi yule."

Tangu siku hiyo akawa anauliza. Hakuuliza kila saa, wala hakuuliza mbele za watu. Walipokuwa wawili, chai ikimiminwa, angesema, "Haya, leo je?" na Raudha angemwambia kwa Kiswahili kile alichokisema kwa Kiingereza. Leo kaanguka, kachubuka goti. Leo hakumaliza uji. Mara nyingine walicheka. Raudha alikumbuka kwamba hawakuwahi kucheka pamoja kwa jambo la Hidaya tangu msiba, na akaona labda hakuna ubaya.

Kisha ikaja ile magharibi. Pwani watoto hawaachwi nje jua likizama. Kila mama hutoka akawaita wake. Adhana ilikuwa bado kidogo. Bi Chausiku alijitanda kanga, akatoka barazani, akaita kama mtu anayeita kila siku: "Hidaya, ingia ndani, jua hilo linazama."

Nyumbani kwa jirani, palipokuwa na maongezi, pakanyamaza.

Raudha alikuwa ndani, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Kilichomtisha hakikuwa ule wito. Kilichomtisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametega sikio, anangoja kusikia miguu ikija mbio.

Alidhani Twalib atawatoa yeye na mkwewe katika mchezo huo. Jumapili Twalib alipiga simu, akasema atamfanyia mazoezi, maana anayo karatasi ya maswali aliyoipata kwa rafiki yake. Akaanza kumuuliza kwa Kiingereza. Unakaa wapi. Unafanya kazi gani. Una watoto. Alilisoma hilo la tatu kama alivyosoma mengine, akalisikia baada ya kulisema. Simuni yakasikika magari tu yakipita.

Raudha alikuwa na jibu moja tu alilolizoea. Akasema, kwa Kiingereza, anaye mmoja, wa kike.

Twalib hakumsahihisha. Baada ya muda aliuliza, kwa Kiingereza hicho hicho, "Hajambo?"

"Hajambo," Raudha akajibu.

"Mwambie baba yake anamsalimu." Kisha simu ikakatika, na siku mbili hakupiga tena.

Kipindi kilichofuata Raudha alifika Sinza mapema, wenzake hawajaja. Akamwamkia mwalimu, akabaki wima.

"Mwalimu, nifundishe kusema mtoto amefariki."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu. Hidaya."

Mwalimu Anselmo aligeuka. Akachukua kifutio, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Nimekuwa nikikusifu kwa ajili yake," akasema kwa sauti ya chini.

"Hukujua. Sikuwa na maneno."

"Kwa Kiingereza ni maneno mawili."

"Mawili tu?"

"Mawili. Yapo marefu ya heshima, lakini ukiwa na hofu yatakuponyoka. Haya mafupi hayaponyoki." Akayatamka. Raudha akajaribu, la kwanza likatoka, la pili likamkwama. Mwalimu hakumharakisha. "Tena," akasema. Wenzake walipoanza kuingia, akawaambia wangoje nje kidogo.

Siku ya mtihani walimpanga na msichana aitwaye Zarin, binti wa Kihindi wa Upanga, anayemfuata mume London, hina bado imekoza mikononi. Walipokuwa wakingoja, Zarin alimwambia kwa Kiswahili safi cha mjini kwamba anaogopa atasahau kila kitu. Wakaitwa. Msahihishaji alikuwa mama wa makamo, mpole, mbele yake kinasa sauti. Akawapa mada: familia. Kwanza Zarin amuulize mwenzake.

Zarin akauliza una watoto.

Raudha alisema alikuwa na mmoja, wa kike, anaitwa Hidaya. Kisha akayasema yale maneno mawili. Yalitoka yote. Taa ndogo nyekundu ya kinasa ikaendelea kuwaka. Msahihishaji hakuinua uso. Kanuni ilitaka Zarin aulize tena, na Zarin, kwa kubabaika, akanyakua swali la kwanza lililomjia, lile walilokaririshwa wote. Akauliza: yukoje?

Hakuuliza alikuwaje. Aliuliza yukoje.

Raudha akamjibu vivyo hivyo. Anaogopa paka. Akipewa andazi anakula la nje, la ndani anamwachia bibi yake. Akilala anaingiza mkono kwenye ukosi wa nguo yangu, na ukiutoa anaamka. Hakutaja shule, hakutaja jino, hakumtaja rafiki wa nyumba ya tatu. Alisema yale aliyoyaona kwa macho yake tu.

Nje Zarin alimshika mkono, machozi yanamtoka. "Dada, nisamehe. Nimekosea kuuliza."

"Hukukosea," Raudha akasema. Wakakaa kwenye benchi mpaka Zarin akatulia. Wote wawili walifaulu.

Viza ilipotoka, wifi yake kutoka Kipawa alihamia Tandika ili Bi Chausiku asibaki peke yake. Asubuhi ya safari mabegi yalikuwa mlangoni. Raudha alipiga goti kumuaga mkwewe, akamwambia, "Mama, naogopa kukuacha."

"Nenda kwa mumeo," Bi Chausiku akasema. "Mie nabaki naye."

Raudha hakumuuliza ana maana ya yule wa makaburini au yule wa barazani. Hata garini, njia nzima kwenda uwanja wa ndege, alikuwa akijilaumu kwa kutouliza, na papo hapo akishukuru.

Mwaka haukupita akashika mimba. Kliniki ya kwanza Twalib aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Mkunga alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya haraka. Akapima, akaandika, akauliza kama huu ni uzazi wa kwanza. Raudha akasema wa pili.

"Na wa kwanza ana miaka mingapi?"

Kabla Raudha hajafungua mdomo, Twalib akajibu: "Saba."

Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mkunga akaandika. Raudha akamgeukia mumewe, akaona anatazama ukutani, uso umetulia kabisa, na akajua kwamba hata hajui alichosema. Alikifahamu kile kilichokuwa kikihesabu ndani yake.

Akayasema yale maneno mawili. Mkunga akaacha kuandika, akasema pole, akakata kwa mstari alichoandika.

Walirudi kwa miguu. Kulikuwa na baridi na Twalib alikuwa amemfunga skafu yake shingoni. Walipita maduka, wakapita shule iliyofungwa kwa likizo. Karibu na nyumbani Twalib alisimama.

"Hukuwahi kunihadithia siku ile," akasema.

"Hukuwahi kuuliza."

"Nakuuliza sasa. Kuanzia asubuhi. Usiruke kitu."

Raudha alitazama pembeni, akaona ukuta mfupi wa mawe wa kukalia. Akakaa, naye Twalib akakaa.

"Aliamka kabla yangu," akaanza. "Alikuwa anaimba."