Manukato Alivyolowa Kwenye Benchi la Mfalme

AMELOWAAA! Jamani, Manukato amelowa chapachapa, kisogoni mpaka soksi, mbele ya mwenyekiti wa jiji na wapiga picha wake! Naandika hapa mbavu zinaniuma.

Ngoja nianze vizuri, maana bila kumjua shangazi yangu hamtaupata utamu wake.

Shangazi ni mtunza bustani kwenye kasri la zamani, lile la katikati ya mji lenye ukuta mrefu. Mfupi, viganja kama msasa, na hasahau kitu. Ukimkosea leo, mwakani bado amekuwekea. Bibi yangu, mama yake, alifanya kazi humo humo mpaka akafariki. Sasa watunza bustani wa humo wana desturi yao tangu enzi za wafalme: ukianza kazi unapanda mmea wako mmoja, na hakuna anayeugusa mpaka ufe wenyewe. Bibi alipanda asumini nyuma ya benchi la mawe, pale kwenye bwawa. Ikatambaa, ikalifunika benchi lote. Shangazi akichoka alikuwa anakwenda pale kuongea nayo. "Mama, leo mgongo umenikamata." Hivyo tu, halafu anarudi kazini.

Benchi lenyewe lina mambo! Mfalme aliyejenga bustani alikuwa na utani mbaya. Mgeni asiyempenda anakaribishwa akae pale kwa heshima zote, halafu mtumishi aliyejificha nyuma ya ua wa miti anafungua koki, maji yanaruka kutoka kwenye vitundu vya kiti! Mfalme ng'ambo ya bwawa anacheka mpaka taji linayumba. Wafalme wakaisha. Baadaye mafundi wakajaribu kuyarudisha maji, wapi, ikasemwa bomba limekufa.

Ndipo akaja msimamizi mpya. Tunamuita Manukato kwa sababu harufu yake inafika ofisini kabla yake. Asubuhi moja shangazi anaingia kazini, anakuta asumini imeng'olewa na mizizi yake, imetupwa kwenye toroli la takataka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Manukato akasema. "Nataka kiti cha kupigia picha na wageni. Halafu hilo ua linanukia mno, kichwa kinaniuma."

"Ni la mama yangu, bosi."

"Mama yako si alishakufa? Basi na ua lake lipumzike. Fagia hapo."

Watunza bustani wenzake wote wanasikia! Shangazi akafagia. Hakulia. Jioni akachomeka tawi moja kwenye kopo la rangi, akaliweka dirishani kwetu.

"Wifi, mwachie Mungu," mama akamwambia.

"Mungu ana kazi nyingi. Hii ndogo naiweza. Na nitamlipa hadharani, kama alivyonifanyia."

Kumbe wakati anafagia alikuwa ameona vitundu vya benchi vinavuja! Mizizi ya asumini ndiyo iliyokuwa imelikaba bomba miaka yote, na Manukato kalizibua kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi akaitafuta koki nyuma ya ule ua wa miti, akaipaka mafuta, akanyamaza kama maji mtungini.

Leo mwenyekiti wa jiji kaja kutembelea, na mimi nimejichanganya na umati. Manukato kavaa suti rangi ya maziwa.

"Mheshimiwa, hapa ndipo mfalme alipowalowesha maadui zake. Msiogope, bomba lilishakufa!" Akakaa. Akakunja nne.

Shangazi akafungua koki.

Jamani! Alirushwa juu kama chapati! Maji yakamfuata hadi kwapani, manukato yote yakaishia bwawani. Mwenyekiti alicheka mpaka akashikwa mabega.

"Kumbe linafanya kazi! Kila Jumamosi wageni waonyeshwe hivi hivi. Na ukae wewe, unajua kulowa vizuri."

Shangazi akatokea na fagio lake.

"Ni wewe!" Manukato akamnong'oneza.

"Mimi nafagia tu, bosi. Si uliniambia nifagie?"

Lile tawi limeshatoa mizizi. Kesho linapandwa chini ya dirisha la ofisi ya Manukato, na watunza bustani wote wameapa kulilinda. Nimemuuliza shangazi atamsamehe lini.

"Akishaizoea harufu," akasema, huku anakata kucha.

Basi nawaombeni, mtumieni hii kila anayemjua Manukato, na asiyemjua pia.