Nadhiri ya Maji

Huku kwetu, nadhiri mliyoiweka wawili mnaitoa wawili. Mimi na wifi yangu tuliiweka ndani ya maji, kwenye mdomo wa Ruvuma, tumeng'ang'ania dumu moja tupu: tukitoka hai, tutapeleka shuka jeupe na maji ya waridi kwenye kaburi la walii, msikiti wa kale wa Mikindani. Tulitoka. Mama mkwe hakutoka.

Tulikuwa tunavuka kwenda harusini upande wa Msumbiji. Boti ilikuwa ya shemeji, kaka yake wifi. Namtaja kwa sababu yeye alinitaja mimi. Alipakia magunia ya saruji mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Nahodha wake akasema imetosha, yeye akasema ongeza, na nahodha akawasha mashine hivyo hivyo. Msibani shemeji akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyesimama kutafuta kikapu changu, boti ikalala. Nahodha akaitikia, maana shemeji ndiye anayemlisha. Wifi, aliyekuwa amekaa uso kwa uso nami humo botini, akanyamaza. Tangu siku hiyo nikiingia kwenye shughuli ya ukoo, wanawake wanahama mkeka.

Mwaka huu, korosho zilipokwisha kuuzwa, wifi akanitokea nyumbani Chuno, ana begi mkononi. Nikadhani ni la safari tu.

"Nadhiri inanisumbua," alisema. "Namuota mama, ananitazama hasemi kitu. Kesho twende."

Nilikubali, lakini usingizi sikuupata. Desturi ya pale naijua, na yeye anaijua: mwenye kutoa nadhiri husema kwa sauti, mbele ya mzee wa msikiti, ameokoka na nini na ilikuwaje. Angerudia uongo wa kaka yake mbele ya kaburi, mimi ndio basi tena, ningezikwa na jina la muuaji.

Mtaa wa kwenda msikitini umejaa wauzaji pande zote: ubani, tasbihi, mikeka ya ukili, pweza wa kukaanga. Mama mmoja mnene, muuza maji ya waridi, alitukamata.

"Nadhiri ya mume au ya mtoto?"

"Ya maji," nikamjibu.

"Aa, basi chukueni chupa kubwa! Mtu katolewa baharini, anakuja na kichupa cha kujipaka kwapani?"

Wifi akacheka. Mimi sikucheka. Hasira yangu nilikuwa nimeibeba toka Chuno, na sikuwa tayari kuitua kwa ajili ya chupa.

Kaburini mzee alitutandikia jamvi, akatia ubani kwenye chetezo, akauliza, "Haya, wanangu, ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Wifi akanishika goti.

"Ngoja, wifi. Nianze mimi." Akamgeukia mzee. "Kaka yangu alijaza saruji. Aliambiwa imetosha, hakusikia. Huyu hakusimama. Alikuwa amekaa, kampakata mama kichwa, maana mama alikuwa anatapika. Nilimwona kwa macho yangu. Nikanyamaza, namwonea haya kaka."

Mzee akatikisa kichwa. "Na huko nyumbani utayasema?"

"Nimeshayasema juzi, mbele ya kaka na mkewe na majirani. Kanifukuza kwake."

Hapo ndipo nilipolielewa lile begi.

Tukatandaza shuka, tukanyunyiza waridi chupa nzima. Nililia, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nililia kama mfiwa, si kama mshitakiwa. Kifua kikawa chepesi, nikasikia njaa. Shemeji sijamsamehe, nahodha naye sijamsamehe, na sijifanyi.

Tuliporudi mtaani yule mama akapiga kelele, "Imepokelewa?"

"Imepokelewa!" nikamjibu, nikanunua pweza, tukala tumesimama, mafuta yanatutiririka vidoleni.

"Umebeba na kanga za kulalia?" nilimuuliza wifi.

"Nimebeba zote."

"Basi lete hilo begi," nikasema, nikalitia begani.